Fundo la Mguu wa Baba

Baba alipoteza mguu wa kulia nilipokuwa na miaka sita. Gogo lilimwangukia kwenye kiwanda cha mbao, kule msituni upande wa Molo. Fidia yake haikutolewa kwa mkupuo. Ilikaa kwenye ofisi ya serikali mjini Nakuru, na kila mwisho wa mwezi karani alimhesabia shilingi chache, naye akatia kidole gumba kwenye karatasi.

Mama ndiye aliyezigawa. Akishatoa za unga na kodi ya chumba, zilizobaki alizifunga kwenye leso, mafundo mawili. Dogo lilikuwa la mambo ya ghafla: mtoto kuugua, au kanda za mguu wa mbao kukatika. Kubwa lilikuwa la mguu mpya, maana ule wa kwanza ulimpwaya kadiri kigutu kilivyokonda, ukamchubua hadi soksi ikalowa damu. Mpya ungetengenezwa Nairobi. Miaka miwili nyama tuliionja Krismasi tu.

Ilibaki kama miezi mitatu tutimize bei, telegramu ikaja. Jirani alitusomea mlangoni: nyanya, mamake baba, amefariki.

Mama alifungua fundo dogo. Lilikuwa na senti tu. Wiki iliyotangulia lilikuwa limelipia dawa zangu za kifua.

"Nipe lile lingine," baba akasema.

"Baba watoto, utatembeaje mwaka huu wote?"

"Kama ninavyotembea leo. Mguu nitaungoja. Mama hataningoja."

Mama alikuwa ananyonyesha, kwa hiyo nikamsindikiza mimi. Tulisafiri kwa gari la moshi, daraja la tatu, tukashuka Butere asubuhi. Nje ya stesheni mtu mmoja mwenye baiskeli alimwambia, "Mzee, kwa shilingi mbili nakufikisha mpaka mlangoni."

Baba alipapasa mfuko, akasita. "Tutatembea," akasema. "Zikibaki chache, mamako ataanzia hapo."

Mvua ilikuwa imenyesha. Kila hatua mguu wa mbao ulizama kwenye tope, akaung'oa huku ameegemea bega langu. Kabla ya kufika mtoni ulipasuka. Baba akaketi kando ya njia.

"Kimbia. Waambie nimefika, wanisubiri."

Nilikimbia. Nikawakuta wajomba na baba wadogo wanasawazisha udongo kwa majembe. Baba mdogo mmoja akanishika kichwa. "Tulingoja mpaka tukachoka, mwanangu."

Nilirudi wa kwanza, nao wakinifuata. Baba alinitazama usoni.

"Wamemaliza?"

"Ndiyo, baba."

Hakulia. Ndugu yake alimbeba mgongoni kama mtoto, akamkalisha kando ya kaburi, na baba akaweka viganja vyote viwili juu ya ule udongo mbichi. Tulimwacha hapo mpaka mvua ikaanza tena.

Fundo kubwa liliishia kwenye nauli na gharama za matanga, na fidia iliisha mwaka uliofuata kabla halijajaa tena. Baba alitembea kwa magongo, akishona magunia kwenye ghala la mahindi. Nilipoanza kufundisha nilimwambia nitamnunulia mguu. "Lipia wadogo zako karo kwanza," akasema. Nikamtii. Alifariki kabla mdogo wetu hajamaliza shule, na tulipomvalisha suti, mama alikunja mguu mmoja wa suruali, akaubana kwa pini, polepole, kama vile bado ungemuuma.