Nyumba Isiyo na Kelele ya Mama Benedeta

Edimu alikuwa amechora zahanati, vyoo vya shule na nyumba za askari kwa miaka mingi, hata mkono wake ukafika mahali pa kuchora wenyewe huku yeye akiwaza mambo mengine. Alikuwa mzaliwa wa Mukuju, mtu mrefu, mkimya, mchoraji wa ramani katika ofisi ya ujenzi mjini Tororo. Ramani zilishuka kutoka juu na vipimo vyake, yeye akazinakili: mlango katikati, dirisha huku, dirisha huku, na juu mabati. Hakulalamika. Ila kwenye mtoto wa meza yake alitunza majarida aliyoachiwa na mkuu mmoja aliyehamishwa, na humo mlikuwa na picha za nyumba za mtindo mpya, zimelala ndefu kama chatu aliyeshiba, zina paa bapa la zege na ukuta mzima wa kioo ukitazama bahari. Alipomwonyesha mkewe Adeke, Adeke alizifunua kurasa polepole, kisha akauliza hapo mtu anapikia wapi. Edimu alilitafuta jiko pichani, hakuliona.

Mwaka 1961, kabla ya mvua za vuli, aliingia ofisini mama mmoja wa Kisamia aitwaye Benedeta Nasirumbi. Watu wa mpakani na Kenya walimjua. Ndiye mwenye hoteli ya chakula pale Busia, walipokula madereva wa malori wakingoja karatasi zao. Alikuwa mjane, mnene, mcheshi, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. Alieleza kwamba ana kiwanja cha urithi kule Majanji, ufukweni mwa ziwa, naye anataka nyumba ya kupumzikia uzeeni. Karani akamwambia ofisi haichorei watu binafsi. Edimu akamfuata nje mpaka kwenye ngazi, akasema kazi hiyo yeye anaweza kuifanya siku zake za mapumziko.

"Unataka nyumba ya namna gani, mama?"

"Nataka nyumba isiyo na kelele," Benedeta akajibu. "Hilo tu. Mengine utayajua wewe."

Kwa bahati mbaya, Edimu alisikia hayo mengine tu.

Alichora kama mtu aliyefunguliwa pingu. Walipokwenda Majanji kupima, Benedeta alionyesha jabali lililokuwa juu ya kiwanja, alipopenda kukaa utotoni, akasema moyo wake uko pale. Edimu akamshawishi kwamba pale ni mbali na maji. Katika picha zake mawimbi yalifika mpaka kizingitini, na kioo kiliyachukua maji yote kikayaingiza sebuleni. Alisema kwa mapenzi kiasi kwamba Benedeta aliona vibaya kumkatiza. Basi Egesa, fundi mwashi kutoka Masaba, akachimba msingi mchangani, akamwaga sakafu.

Vuli ya mwaka ule haikuwa na mfano. Mvua ilinyesha bila kuvuta pumzi, na ziwa likaanza kupanda. Watu walidhani ni mafuriko ya kawaida, yatakuja na kuondoka. Lakini ziwa lilimeza vibanda vya wavuvi, likaingia kwenye mihogo, likatulia humo kama mwenye shamba. Osire, mvuvi, ndugu yake Benedeta, ndiye aliyeleta habari: amepita na mtumbwi juu ya sebule, na kwamba ni sebule kubwa kweli.

Edimu alipanda lori mpaka Busia, njia nzima akiyapanga maneno. Alimkuta Benedeta mbele ya sufuria, mwiko mkononi, na maneno yote yakamkimbia.

"Mama, nyumba imekwenda na maji."

"Nimesikia. Ziwa limeiona ramani yako, likaipenda kabla yangu."

Madereva walicheka mpaka wakaweka vijiko chini. Edimu alitamani ardhi ipasuke. Lakini Benedeta alimsogezea sahani ya ugali wa wimbi na samaki, akamwambia akae, wataongea kazi ikipungua. Kazi haikupungua. Edimu akakaa kutwa nzima. Alisikia honi, redio, makarai, milango ya chuma ikijigonga, wapagazi wakigombana. Alasiri mvua ikaanguka juu ya mabati, na hapo kila sauti ikafa isipokuwa ile. Alimwona Benedeta akimpigia kelele mpishi aliyekuwa bega kwa bega naye, halafu akifumba macho, kama mtu mwenye jino bovu anayengoja maumivu yapite.

Mvua ilipokwisha, mama akaja kuketi mbele yake.

"Niko chini ya mabati haya tangu mume wangu afe," akasema. "Mvua ikinyesha, hata sala yangu mwenyewe siisikii."

Edimu alirudi Tororo. Jumamosi iliyofuata alimwambia Adeke avae viatu vya safari. Walikwenda Majanji wakakaa wawili juu ya lile jabali, na hakuchukua hata penseli. Upepo ulitoka ziwani ukiwa umetulia, ukapita kwenye nyasi. Mawimbi yalisikika chini, si ya kutisha, kama mtu anayefagia uwanja wa jirani. Mara Benedeta, ambaye Edimu alikuwa amemtumia salamu, akafika, na yeye na Adeke, waliokuwa hawajuani, wakaanza kubishana juu ya jiko. Adeke alitaka liwe mwisho wa nyumba, upande ambao upepo huelekea, ili moshi na kelele za vyombo vifuate huko huko. Benedeta alikubali, ila akaongeza dirisha la kupitishia chai, maana hakutaka mgeni wake akae peke yake. Edimu alisikiliza, akauliza, akasikiliza tena. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchora nyumba kwa masikio.

Ramani ya pili, ya nyumba ya pale jabalini, haikufanana na picha yoyote ya majaridani. Nyumba ilibaki ndefu na ya chini, na paa la zege likabaki, kwa kuwa zege halipigi ngoma. Lakini ukuta wa kioo uliondoka, maana kioo hutetemeka upepo ukizidi. Mahali pake ukaja ukuta wa matofali ya matundu, uliopitisha upepo na kuzuia jua. Milango ilikuwa ya mvule mzito. Na nyumba iliipa barabara mgongo, haina hata dirisha upande huo.

Watu wakasema. Wengine waliiita kiberiti. Wengine waliona ni nyumba yenye kiburi, imewanunia wapita njia. Egesa mwenyewe, aliyelimwaga zege lile kwa mikono yake, aliuliza mara mbili mabati yatafika lini.

Ilikamilika mwaka 1963. Benedeta alimwachia binti yake hoteli, akahamia. Mvua ya kwanza ilimkuta Edimu na mkewe wapo kumtembelea, pamoja na Osire na Egesa. Wingu lilipofunga, Benedeta aliwakusanya sebuleni akawaomba wanyamaze. Mvua ikashuka. Waliiona ikichapa majani, wakaiona ikilitoboa ziwa, lakini juu ya vichwa vyao palikuwa kimya. Benedeta alikunja mikono, midomo ikicheza. Alikuwa akisali kwa sauti ya kunong'ona, na kila mtu chumbani alimsikia.

Katikati ya kimya kile, tone likaanguka juu ya upara wa Osire. Likafuatia la pili. Osire alijitahidi kuvumilia kwa heshima ya sala, lakini la tatu lilipoteleza mpaka puani, Adeke akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikawachukua wote, mwenye sala akiwa wa kwanza kushika mbavu. Edimu na Egesa walipanda juu jua lilipotoka, wakauziba ufa kwa lami, na haukuvuja tena.

Baada ya hapo Edimu aliendelea kuchora zahanati, ila watu walianza kumtafuta nyumbani, mmoja wa Buteba, mwingine wa ng'ambo, Kenya, na kila aliyekuja alikalishwa kwanza, akaulizwa maswali mengi kuhusu asubuhi zake. Pasaka ilipofika, yeye na Adeke walikwenda Majanji kula sikukuu. Waliposhuka kwenye kilima, Edimu alisimama ghafla. Paa lake bapa, lililokuwa fahari ya macho yake, lilikuwa limegeuka jeupe na kumeremeta. Wavuvi walikuwa wamegundua kwamba zege hukausha dagaa haraka kuliko mchanga, na bila mchanga menoni. Walikuwa wakipanda kwa ngazi ya kamba.

Alijaribu kuudhika, ikamshinda. Hata hivyo alimuuliza Benedeta kama huko ndiko kupumzika.

"Dagaa wanapiga kelele?" mama akauliza.

Edimu akaketi mezani. Alikula, akanywa chai iliyopitishwa dirishani, akaomba karatasi. Kabla jua halijashuka alikuwa ameshachora ngazi nzuri ya zege upande wa jikoni, yenye vidato vipana, ili akina mama wenye ungo kichwani wapande bila kujikwaa.