Kuifuata Sauti ya Haji Guangzhou

Watu wa mtaani kwetu Zanzibar niliwaambia naenda Guangzhou kufuata mikoba. Si uongo, mikoba nilinunua. Lakini aliyenituma hasa ni binti yangu Rahma. Baba yake, mume wangu Haji, alifariki mwaka jana, na simu yake nayo ikatumbukia kwenye ndoo ya nguo haikuwaka tena. Picha tunazo tele. Sauti hatuna, hata ya kusema "haloo". Siku moja Rahma akanishika mkono.

"Mama, si mlisema gari la yule dereva wenu wa China lina kamera ndani, linarekodi mpaka maneno? Si baba yumo mle?"

Nilikwenda kukata tiketi.

Uwanja wa ndege wa Baiyun nimeshafika mara nyingi, mkono mmoja begi, mkono wa pili namvuta Haji aache kusalimiana na kila mtu. Safari hii nilivuta begi tu. Kwenye treni ya chini ya ardhi watu walikuwa wamejaa, kila mtu na simu yake, na mimi sina hata wa kumwambia "hebu nishikie hapa". Upweke ulinikaba, wallahi, nikashuka kituo sicho, nikakaa kwenye benchi mpaka machozi yakakauka.

Xiaobei, mtaa wanaofikia Waafrika wengi, nilipokewa na Mwanakombo, mama wa Tanga anayewatafutia wafanyabiashara vyumba na watu wa kusafirisha mizigo. Alinikumbatia mlangoni, tukalia kidogo, kisha akanipa chai. Nikamuuliza habari za Liang, dereva aliyekuwa akitupeleka mimi na Haji kununua mikoba kwenye soko la Shiling kila tulipokuja.

"Liang haendeshi tena, shoga yangu. Haya magari yasiyo na dereva yamemtoa kazini, na sasa anafanya kazi huko huko kwenye yadi yao, anayachaji na kuyapangusa."

"Sasa huko nitafikaje?"

Akacheka. "Kwa hayo hayo!"

Asubuhi Mwanakombo aliita gari kwa simu yake. Likaja jeupe, kimya, likasimama mbele yetu peke yake. Nilikuwa na chapati nilizozifunga kwenye karatasi, kwa sababu Haji hakupanda gari la mtu mikono mitupu, daima alimbebea dereva chochote cha kutafuna. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasema, "Asalaam alaykum," na mkono nimeshaunyoosha mbele na chapati yangu. Kiti kitupu! Usukani ukaanza kuzunguka wenyewe. Nikairudisha chapati mapajani kwa aibu, na aibu yenyewe sijui nilikuwa namwonea nani.

Njia nzima kamera iliyo juu ya kioo ilinitazama. Joto lilinishika, lakini sikuthubutu kugusa hata pini ya ushungi. Kwenye gari la Liang nilikuwa nikistarehe. Lake nalo lilikuwa la umeme, halina kelele. Tukishapanda, anavua kofia yake anaitundika pale mbele, anageuza kioo cha ndani kitazame juu, anaendesha. Mimi nalegeza ushungi, najipepea, nagombana na Haji tutakavyo. Haji ana neno lake moja hapo, analivuta kwa kile Kimakunduchi chake mpaka nacheka. Sasa nilikaa wima kama niko mbele ya hakimu.

Yadini magari yamejipanga, kila moja limechomekwa waya wake. Liang alinitambua kwa mbali. Alikuja mbio na kitambaa mkononi, akachungulia nyuma yangu.

"Haji?"

Nikaonyesha kidole juu mbinguni. Alisimama, kisha akachuchumaa pale pale kwenye saruji, kitambaa amekibana usoni. Nilimpa chapati. Tulikula pamoja.

Baadaye nikazungumza kwenye simu yangu, ikamtafsiria: "Zile picha na sauti za ndani ya gari lako, nataka nimsikie mume wangu."

Aliisikiliza mara mbili. Kisha akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema. Neno hilo kila mnunuzi wa Guangzhou analijua. Hakuna.

Akachukua simu yake akaongea kwa muda, nayo ikanisomea kwa Kiswahili cha kukwaruza: "Bwana Haji aliniomba. Alisema mke wake anataka kupumua. Kamera ilikuwa inapeleka kila kitu ofisini. Mlipopanda ninyi, nilizima sauti na kuifunika kamera kwa kofia. Kampuni ilinigombeza, lakini sikuacha."

Miaka yote ile mimi nikidhani anatundika kofia tu! Hasira zikanipanda, sitaficha. Heshima gani hiyo? Wangenitazama huko ofisini hata nikiwa kichwa wazi, mradi nipate dakika moja ya Haji. Nikamgeuzia mgongo, nikaita gari la kurudi.

Liang alinifuata. Gari lilipofika alinifungulia mlango, akaingia nusu mwili, akavua kofia yake, akaitundika juu ya kamera. Gari likaanza kusema Kichina, likarudia na kurudia, wala halisogei. Akasikiliza, akaitoa kofia taratibu, akabaki ameishika kifuani. Pale nikamwonea huruma, hasira zote zikaniisha.

Akainama mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili: "Pumuuua, mke wangu. Hapa kwetu."

Jamani! Ule mvuto ulikuwa wa Haji, na ile pumzi ndogo kabla ya "hapa" ilikuwa ya Haji.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza kupitia simu.

Kwa Haji, akajibu. Alikuwa akilisikia kila safari, akadhani ndivyo Waswahili wanavyomkaribisha mwanamke garini. Wateja wake wote wa kike kutoka Tanzania aliwakaribisha hivyo. Wengi walicheka. Mmoja alimpiga kwa mkoba.

Nilicheka mpaka nikalia, na kamera inanitazama. Liang akaingiwa na wasiwasi. "Nimekosea?"

"Hujakosea," nikamwambia. "Rudia."

Shiling nilikwenda baadaye, kwa basi. Mikoba nikaituma kwa meli, nikarudi nyumbani.

Rahma alinipokea uani, amesimama na ufagio, hata pole ya safari hakunipa.

"Umeipata?"

Nilikuwa nimejifunza maneno yale njia nzima, ndani ya ndege, kimoyomoyo, nikiogopa yasinipotee. Nikamwambia akae. Nikalegeza ushungi, nikavuta pumzi, nikayasema kama nilivyopewa.

Ufagio ulimdondoka. Alinitazama mdomoni kwa muda, kama anamtafuta mtu mle ndani.

"Tena, mama," akasema.