Sahihi ya Kisima cha Kumi na Tisa

Hadda hakuwa mtu wa kutulia hata siku za raha, lakini wiki ile alinichosha. Meza zetu zinatazamana katika ofisi ya Hassi Messaoud, mji wa mafuta jangwani, na tangu Jumapili alikuwa akikaa, akisimama, akifungua dirisha, mchanga ukiingia, akilifunga, akikaa tena. Kahawa zake zilipoa bila kuguswa. Nilimwambia kama kiti kina siafu aseme tuwatoe.

Kazi yake ni kupanga matumbo ya ardhi kwa madaraja. Hewa ya kaboni inayotoka viwandani inatakiwa irudishwe chini, kwenye miamba yenye maji ya chumvi, na kila mwamba lazima useme utameza tani ngapi na kwa uhakika gani. Madaraja ni matatu: unaodhaniwa, unaosubiri, na ulio tayari. Kudhani hakuna gharama, hata mimi naweza. Lakini kuandika "tayari" ni kula kiapo, na anayekula kiapo hicho hutia jina lake mwenyewe, si la kampuni.

Mwamba wa safari hii ulikadiriwa tani milioni arobaini. Mkuu wetu, Ferhat, mtu wa kuhesabu vifaranga kabla ya mayai, alikwisha kuwaahidi wakubwa wa Algiers kwamba uko tayari, na ripoti ilitakiwa Alhamisi kabla ya adhuhuri. Kilichobaki ni visima vya zamani vya mafuta vilivyoutoboa mwamba ule. Kimoja tu kisichozibwa vizuri kinatosha kuirudisha hewa yote juu. Vilikuwa kumi na tisa, na kumi na nane vilikuwa safi.

Jumanne nilimwona amesimama na karatasi ya kisima cha mwisho, uso umemshuka. Nikachungulia. Mwaka 1987, saruji ya kizibo ilimwagwa saa nane mchana. Saa kumi jioni kizibo kikapimwa, kikakutwa kigumu. Ajuaye kazi hii atacheka au atalia. Saruji kule chini husubiriwa mpaka kesho yake, ndipo bomba hushushwa likaiegemea kwa uzito wote. Baada ya saa mbili bado ni uji. Hakuna aliyepima kitu. Mtu alitia sahihi akaenda zake, na sahihi yenyewe niliisoma nikiwa hatua mbili mbali, herufi za duara, zimenyooka, kama za mtoto wa darasa la kwanza mwenye bidii: Lakhdar Boughrara. Baba yake Hadda.

Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia aipitishe. Miaka mingi imepita, nilisema, na mzee wa watu amekwenda Makka, ana heshima zake. Ya nini kumfukulia? Jumatano Hadda aliniomba nimwendeshe hadi Ouargla, kwa baba yake.

Haji Lakhdar alitupokea uani kwa tende na chai, akamimina ya kwanza chungu kama ilivyo desturi. Hadda hakukaa. Alizunguka mtende, akagusa ukuta, akarudi. Mzee akaniambia nisimjali, tangu mdogo ni hivyo hivyo. Kila picha yake ya utotoni ina vichwa viwili, kwa kutotulia mbele ya kamera. Nilicheka peke yangu. Kisha Hadda akaiweka karatasi karibu na bilauri.

"Baba, kizibo cha kumi na tisa. Ulikipima?"

Mzee alivaa miwani, akasoma mpaka chini, akaanza tena juu. Niliona aibu kuwapo pale, nikatamani niitwe hata na jirani.

"Ilikuwa mkesha wa Idi Kubwa," alisema. "Siku arobaini tuko jangwani. Basi limewashwa, wanaume kumi na wawili wananitazama mimi. Ningewaambia tulale hapa tukingoja saruji?"

"Ungewaambia."

"Ningewaambia," alikubali, na sauti yake ikapungua.

Hadda akaeleza, huku bado amesimama, kwamba mwamba wote atauteremsha hadi daraja la unaosubiri, mpaka kisima kifunguliwe na kuzibwa upya. Kwa Ferhat atajitetea mwenyewe. Mzee akasema hilo ni haki, ila anataka kuona alivyoandika. Hadda akasita. Nilijua kwa nini, kwa kuwa njia nzima aliandika na kufuta, kompyuta magotini. Mwishowe akamsogezea.

Mzee akaufuata mstari kwa kidole. "'Sahihi ya msimamizi haisomeki,'" alisoma. Akamtazama binti yake. "Hapa umedanganya."

"Baba, hii itasomwa na watu wengi. Algiers, na wageni wa nje."

"Jina hili nilijifunza kuliandika nina ndevu, mpishi wa kambi ananifundisha na wenzangu wananicheka. Halijakosa kusomeka hata siku moja." Aliirudisha kompyuta. "Kisima kile kina uongo mmoja, unakitosha. Andika, mwanangu."

Hadda akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumwona ameketi na kubaki ameketi. Alifuta maneno yale, akaandika jina la baba yake herufi moja moja, na mzee akizifuata kwa midomo mpaka ya mwisho. Kisha akashuka chini ya ukurasa, akaandika la kwake. Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

Alhamisi Ferhat, aliyekwisha kusikia tulikokwenda jana yake, aliisoma ripoti amesimama, masikio mekundu, akisema tani milioni arobaini zimeondoka kwa sababu ya chai ya Ouargla. Alipofika mwisho akauliza hao akina Boughrara wawili wana undugu gani.

"Mtu na baba yake," alisema Hadda, akaenda kufungua dirisha.