Nassor Alipoitetea Kusini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye sekondari moja ya Temeke, Mkuu wa Shule alinipokea kwa onyo: "Mwalimu, historia hapa ni kukariri tu. Usituletee makubwa." Nikaitikia vizuri, halafu nikayaleta. Miaka ile ya ruksa, milango ya biashara na ya maneno ilipofunguliwa, mji mzima ulikuwa unabishana, mimi nani niwazibe vijana midomo?

Nikaanzisha mdahalo. Pande tulizipanga kwa kura, si kwa imani ya mtu, na kabla ya kukaa kila msemaji alitakiwa kutaja hoja nzito kuliko zote ya mpinzani wake. Sharti hilo liliwatoa jasho.

Tulipofikia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mada ikawa kwamba majimbo ya Kusini yalikuwa na haki ya kujitenga. Kura ya kuitetea Kusini ikamwangukia Nassor, kijana wa Kiarabu ambaye baba yake alikuwa na duka Tabata.

"We Nassor, hao wenye watumwa si wajomba zako?" mmoja akarusha, darasa likaangua kicheko. Nilimwonea huruma, nikamwambia naweza kumbadilisha. Akakataa.

Akatetea vizuri: majimbo yaliingia kwenye muungano kwa hiari, na katiba haikukataza kutoka. Mpinzani wake, Mwanahawa, akasimama. "Yenyewe yaliandika kuwa yanatoka ili kulinda utumwa. Na hiyo hiari, watumwa waliulizwa?"

Ikafika zamu ya Nassor kutaja hoja nzito ya mwenzake.

"Ni hiyo ya kuulizwa," alisema. "Mama yake babu yangu alikuwa suria, mjakazi wa kununuliwa aliyezaa na bwana wake. Nyumbani hatumsemi. Naye hakuulizwa."

Kengele ikalia. Nje nilimkuta hataki kwenda nyumbani. "Mwalimu, baba akisikia atanifukuza."

Nikamsindikiza hadi dukani, nikamweleza mzee yote, nikajiandaa kutukanwa. Mzee akamsogezea mwanawe kigoda.

"Aliitwa Zafarani," akasema. "Mie nilikatazwa hata kulitaja hilo jina. Hebu kaa."

Sasa nimestaafu, nafuga kuku Chanika. Vijana huniuliza kama sheria iliiruhusu Kusini kujitenga. Nawaambia watu walibishana kabla ya vita na hawajamaliza. Sababu ya kujitenga, utumwa, ndiyo isiyo na ubishi. Ila wakiniuliza ni lini nilijiona mwalimu, nawapeleka Tabata, mlangoni pa lile duka, pale nilipoaga mara mbili na baba na mwana, wakimzungumzia Zafarani, wasinisikie.