Jasho la Kuta za Mzee Barafu

Mama Pindo aliamka akakuta ukuta umelowa tena. Si kwa mvua. Paa lilikuwa zima, na mvua yenyewe ilikuwa imekatika tangu jana yake. Ulikuwa umelowa kwa ndani, juu ya kitanda, matone yameungana yakateremka hadi kwenye ubao wa kichwani. Alipitisha kidole, akakitazama, kisha akakifutia kwenye shuka upande wa mumewe.

"Mzee, ukuta wako unatoka jasho."

"Utakauka," alijibu mumewe bila kufumbua macho. "Gundi bado haijashika vizuri."

Gundi hiyo ilikuwa imeshika kiangazi chote. Mama Pindo alikohoa, akakohoa tena, akavaa kandambili zilizoota ukungu wa kijani ukingoni, akaenda kuwasha jiko. Njiani aliwaza kwamba kuna wanaume wanaoharibu nyumba kwa pombe, wengine kwa wanawake wa nje, na wa kwake ameiharibu kwa bidii.

Yeye ni fundi cherehani, na jina la Mama Pindo alipewa mtaani kwa sababu hawezi kuona pindo limelegea akanyamaza. Aliwahi kumvuta mfiwa kando, mazishini, akamnong'oneza kwamba suruali yake inafumuka. Chumba cha mbele ndicho karakana yake: meza ya kukatia, pasi, kamba ya kutundikia nguo zilizokamilika, na cherehani ya miguu iliyoingia humo wiki aliyoolewa na haijatoka tangu hapo.

Nyumba aliijenga baba mkwe. Kuta zake ni za mawe, nene, zimepigwa lipu ya chokaa. Paa ni la bati. Na juu, karibu na paa, kulikuwa na safu ya matundu ya hewa, kila moja upana wa tofali. Humo mlipita upepo, mijusi na siri za majirani. Ilikuwa nyumba ya joto, hilo halina ubishi. Bati likishapata jua la mchana, Mama Pindo alishona huku amejiwekea kitambaa chenye maji shingoni, na miaka yote ya ndoa alikuwa akisema, "Joto hili litanizika." Watu husema hivyo. Husema ili mtu awape pole, hawamaanishi mtu akachukue nyundo.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Barafu, alifanya kazi miaka yake yote kwenye ghala la kuhifadhia nyama. Kazi yake ilikuwa moja: joto la nje lisiingie kwenye vyumba vya baridi. Kila jioni alilowesha kiganja akakipitisha kwenye mipira inayozunguka milango, akitafuta pale hewa inapopenya. Akipapata, harudi nyumbani mpaka amepaziba. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema, na tofauti na wengi wanaoutumia msemo huo, yeye gundi alikuwa nayo mfukoni.

Alikuwa pia na kisa chake kimoja. Wapakizi waliingia chumba cha baridi, wakatua mizigo, wakaanza kupiga soga humo humo ndani kwa kuwa nje jua lilikuwa kali. Pumzi zao zikawa zinaganda ukutani, na barafu hiyo ni yeye atakayeikwangua. Basi akafungua mlango akawafokea, "Tokeni nje, mnapumua sana." Hapo ndipo msikilizaji anapotakiwa kucheka. Alikisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, kwa wakwe, kwa fundi wa mabomba. Watoto wao walikua nacho, wakahama nacho. Mama Pindo alikicheka miaka ya mwanzo, halafu akaanza kukitumia kama nafasi ya kwenda kuangalia sufuria.

Alipostaafu, alikaa kidogo sebuleni akitazama juu. Mtu aliyezoea kuziba akikaa bure, ni suala la muda tu. Ghalani walikuwa wanabadilisha kuta za vyumba, wakamruhusu achukue mabamba ya zamani, yale meupe mepesi, ya aina inayopakiwa pamoja na friji mpya ndani ya boksi lake. Akayapandisha darini, akayapanga chini ya bati, akapigilia mbao safi.

Na hapa lazima haki itendeke: dari lile lilikuwa kazi ya maana. Mchana wa kwanza Mama Pindo alishona mpaka alasiri ndipo akakumbuka kwamba hajalowesha kitambaa cha shingoni. Alimsifu mumewe mbele ya majirani, akamwekea kipande kikubwa cha nyama. Kosa lake lilikuwa hilo. Mwanamume aliyesifiwa kwa dari haishii kwenye dari.

Akaja kwenye kuta. Akazifunika kwa nailoni nzito kutoka juu hadi sakafuni, juu ya nailoni akabandika mabamba, juu ya mabamba akapiga mbao, akapaka rangi ya maziwa. Akapanda ngazi akajaza zege matundu yote ya hewa, moja baada ya jingine, huku akiimba. Akazungushia milango na madirisha mipira ya kuzuia hewa, na akatoa amri kwamba madirisha yasifunguliwe ovyo kwa sababu joto litaingia. Kila jioni alilowesha kiganja, akazunguka vyumba vyote akikagua.

Kiangazi kilipita salama. Mvua zilipoanza, nyumba ikageuka. Mama Pindo hupiga pasi kutwa nzima, na pasi ya fundi hupita juu ya kitambaa chenye maji. Ule mvuke sasa haukuwa na pa kwenda. Mvuke wa sufuria nao haukuwa na pa kwenda. Mawe yenyewe, ambayo tangu zamani yalinyonya maji ya ardhini na kuyakausha kwa upepo, yaliyafungia nyuma ya nailoni, na harufu ikaanza kutoka kwenye pembe za sakafu. Chumvi iliganda ikawa jiwe. Droo za meza zilivimba zikagoma kufunguka. Sindano zilishika kutu usiku mmoja tu zikiachwa juu ya meza. Na kikohozi kikamwingia kifuani kikapanga chumba.

Kila alipolalamika, mumewe alikuwa na jawabu. Pasi apigie uani. Sufuria zifunikwe. Nguo zilizofuliwa zikaushwe kwa jirani. Siku moja alimwambia kwa upole kabisa kwamba akioga asitumie maji ya moto.

"Na nikilia?" aliuliza Mama Pindo.

"Unalia nini?"

"Nauliza tu. Machozi nikayamwage wapi, maana nayo ni maji."

Mzee Barafu alifikiri kidogo kana kwamba ameulizwa swali la kazi. Mama Pindo alitoka akaubamiza mlango, lakini kwa ile mipira mipya haukubamizika. Ulijifunga taratibu na kutoa sauti ya mtu anayebusu. Hata kususa vizuri kulikuwa hakuwezekani tena katika nyumba ile.

Kilichomfikisha mwisho kilikuwa sare za muuguzi. Muuguzi huyo ni mteja wake wa miaka mingi, mwanamke mnyofu asiyezunguka mbuyu. Alileta kitambaa cheupe cha kutosha sare mbili, akapimwa, akaahidiwa Ijumaa. Mama Pindo alizishona, akazipiga pasi, akazitundika kwenye kamba. Ijumaa alipozishusha mbele ya mteja, mgongoni kulikuwa na vidoa vyeusi vimetapakaa, kama vile mtu amenyunyiza pilipili manga.

Muuguzi alizishika, akazinusa, akazirudisha mezani. Halafu akatazama ukuta, akatazama pembe ya dari, na mwisho akamtazama fundi mwenyewe, ambaye alikuwa anakohoa kwenye kiganja.

"Fundi, nguo zitafuliwa," alisema. "Huo ukungu unaouvuta kifuani utaufua na nini?"

"Mume wangu anasema kuta zitakauka."

"Mumeo analala humu?"

"Analala."

"Hakohoi?"

"Yeye ana mapafu ya ghalani."

"Basi wewe huna. Dawa nitakupa, lakini ukirudi kulala humu utaimaliza chupa na kikohozi kitabaki. Toka humu ndani, dada yangu, au nyumba ifunguliwe. La tatu sina."

Jioni hiyo Mama Pindo alimweleza mumewe yote, hatua kwa hatua, kama anavyowaeleza wanaojifunza kushona. Mzee Barafu alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Tukifungua matundu, kazi yote imepotea," alisema. "Usipoziba ufa..."

"Usinimalizie," alisema Mama Pindo. "Umeziba nyufa zote, na sasa unanizika. Kesho naenda kwa mdogo wangu. Na siendi kutembea, mzee. Cherehani ikitoka, nami nimetoka."

Hakuipandisha sauti, na ndiyo maana mumewe alikosa usingizi. Miaka yote mkewe alikuwa ametishia mambo mengi, lakini cherehani hakuwahi kuitaja.

Kesho yake asubuhi walikuja wasukuma mkokoteni wawili, watu wa makamo, wenye mabega yao. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo mlango ulifungwa nyuma yao. Mama Pindo alikuwa amekwisha kufunga vitambaa vyake kwenye shuka na kuvua mkanda wa cherehani. Mzee Barafu alisimama kando ya meza ya kukatia, amevaa shati lililofungwa vifungo visivyolingana, na kwa mara ya kwanza mkewe aliona kitu kimelegea kwake asiseme.

Cherehani ile ni chuma kitupu. Wanaume waliinama, wakainyanyua, wakaitua, wakajadiliana, wakainyanyua tena. Walihema. Maji ya mvua yaliyokuwa kwenye mashati yao yalianza kufuka kwa joto la miili. Ukuta wa rangi ya maziwa ukapoteza mng'ao wake, ukafifia, halafu tone likatokea karibu na swichi ya taa, likakuta jingine, yakashuka pamoja. Mzee Barafu aliyafuata kwa macho hadi sakafuni. Ndipo mdomo wake, ambao ulikuwa na mazoea yake, ukasema wenyewe.

"Tokeni nje, mnapumua sana."

Wasukuma mkokoteni walitazamana. Mmoja aliomba radhi, ingawa hakujua ni ya nini.

Mama Pindo alikuwa ameshika fundo la vitambaa kifuani. Alilitua.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi nikapumulie wapi?"

Mumewe aliyafuta kwa soli maji yaliyofika sakafuni.

"Miaka yote hiyo uliwafukuza watu ili nyama ikae salama. Sawa, nyama haipumui. Humu umemweka mke wako. Mimi ndiye ninayelowesha ukuta wako, mzee, usiku kucha, kwa kuwa hai tu. Umeniambia nisipige pasi, nisioge maji ya moto. Limebaki moja tu la kunikataza."

Mzee Barafu aliukaribia ukuta, akaweka kiganja juu ya mbao alizozipaka rangi kwa mkono wake, akakitoa kimelowa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akafanya jambo lililomkera Mama Pindo kuliko yote aliyowahi kufanya: alitokwa na machozi, sasa, baada ya msimu mzima wa ubishi, mbele ya watu wa mkokoteni.

"Nilikuwa navaa koti," alisema.

"Koti gani?"

"La kazini. Jua linawaka, mimi nimevaa koti zito na glavu. Nikirudi jioni nakukuta una kile kitambaa shingoni. Kila siku. Nikasema nikistaafu nitakuletea baridi."

Mama Pindo alitaka kubaki na hasira yake. Aliitafuta, akaipata nusu tu. Alimtazama mzee huyu aliyefunga vifungo vibaya, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutamka neno hilo, akaona ni heri angelitamka siku ya kwanza wakaokoa zege.

"Na ulishaileta," alisema. "Ulipoweka lile dari uliileta. Ungeishia hapo tungekuwa watu wazima wenye raha zetu. Nani alikutuma kwenye kuta?"

"Ulinisifu."

"Basi sikusifu tena. Dari libaki. Mbao na mabamba ya kuta yatoke, nailoni itoke, matundu yafunguliwe. Tena leo."

Mzee Barafu alikwenda kuchukua ngazi, nyundo na patasi. Wasukuma mkokoteni waliuliza kama cherehani inaondoka au haiondoki, na Mama Pindo akawaambia wakae hapo hapo, hajaamua. Walikaa juu ya fundo la vitambaa, wakafukuzwa, wakakaa sakafuni.

Zege alilolichanganya Mzee Barafu halikuwa la mchezo. Alibandua kwanza mbao, bamba na nailoni za juu, kisha akagonga, akapumzika, akagonga. Vumbi lilishuka kwenye nywele zake, na vipande vikaanguka juu ya meza ya kukatia ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunika. Mama Pindo alifungua mdomo kulisema hilo, akakohoa badala yake. Mumewe alisikia kile kikohozi, na pigo lililofuata lilikuwa na nguvu kuliko yote. Kipande kikubwa kilitoka kikaangukia nje, uani, na mwanga ukaingia upana wa tofali.

Hewa iliingia nao, yenye baridi ya mvua na harufu ya udongo. Mzee Barafu, bado juu ya ngazi, alilowesha kiganja kwa ulimi akakiweka mbele ya tundu kama alivyokuwa akiweka kila jioni kwenye milango ya ghala. Upepo ulikuwa unapita. Alibaki hivyo, mkono wake umesimama pale, na mkono wa pili ukapapasa mfukoni kutafuta gundi.

Chini yake, Mama Pindo alikuwa amevuta kiti akakaa mbele ya cherehani, akarudisha mkanda kwenye gurudumu lake. Aliinua uso.

"Sogeza mkono," alisema. "Unanizibia."