Fundi Anayemulika Dizeli

Fundi wa trekta pale Lubao haamini dizeli mpaka aimulike. Huitia kwenye kichupa, akakiweka kati ya kijitaa na kihisi cha mwanga alichokiunga mwenyewe, kisha huziinamia namba kwa upole wa mkunga. Zikipanda, mwanga umepita, dizeli ni safi. Leo zilishuka.

"Mama, hii nayo ni chafu. Tumwage tangi lote."

Pascalia, mwenye trekta, aliwaza miwa yake, iliyokatwa juzi na sasa inakauka shambani ikipungua uzito. Akakitazama kichupa: dole gumba la fundi lilikuwa limeacha grisi ubavuni. Akakifuta kwa leso, akakirudisha. Namba zikapanda.

Fundi akakohoa. "Dizeli huwanga hivyo, mama. Inatakanga tu kutulia."

Akawasha trekta upesi, mngurumo ukameza kicheko cha Pascalia.