Upepo Niliousema Kabla Haujavuma

Moshi wa kiwanda cha shaba ulinuka kama kiberiti kilichotoka kuwashwa, ukakaa kooni hadi chai ikakosa ladha. Élisabethville ya utoto wangu, ndiyo Lubumbashi ya leo, iliishi kwa kuutazama moshi huo. Ukilala upande wetu, akina mama walikimbilia kuanua nguo. Ukisimama wima, walifua kwa raha. Hata sisi watoto tulitazama kwanza juu ya bomba la moshi la kiwanda kabla ya kujibu kama nje kuna upepo. Siku moja mimi nilisahau kutazama, na kusahau huko kunaniuma mpaka uzee huu.

Baba yangu alikuwa karani, mzaliwa wa Nyasa iliyotawaliwa na Waingereza, na Kiingereza alikuja nacho kutoka kwao. Masista walitufundisha wasichana kushona na kusali. Yeye alinifundisha maneno. Kila neno aliliandika kwenye daftari langu, na sheria yake ilikuwa moja: hupewi jingine mpaka hilo uwe umeliona kwa macho yako. Nilikwisha kuona ukungu, kutu na kichuguu. Baridi ilipoanza akaandika “gust”: upepo unaovamia ghafla kwa nguvu, kisha ukaenda zake. Miezi ile hewa ilitulia kama maji ya mtungini. Wiki zikapita, baba akaanza kukohoa, akakonda, akawa mtu wa kulala mchana kutwa. Nilielewa kwamba hatapona. Nilimwonea huruma, lakini niseme kweli, nilikuwa pia na uchu wa maneno yake, nikayataka yote kabla hajaondoka.

Basi Jumapili moja baada ya misa nikaketi kando ya kitanda chake.

“Tata, ile mupepo niliionaka leo.”

Hakunikemea. Aligeuza kichwa dirishani, akatazama juu.

“Leo moshi iko wima tangu asubui, mutoto yangu. Ngoja. Mupepo itakuya yenyewe.”

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale dirishani. Kwa aibu nilimkwepa siku tatu nzima, na hizo ndizo zilikuwa siku zake za mwisho za kuwa na sauti.

Matanga yake yalikuwa yamekwisha zamani upepo ule ulipokuja, katika joto linalotangulia mvua. Uling’oa mabati mawili ya jirani, ukazoa nguo za mama kwenye kamba, ukanyamaza. Nilisimama uani, vumbi jekundu mdomoni, nikalitamka lile neno. Hapakuwa na wa kuniitikia.

Leo wajukuu wangu hapa Lubumbashi huokota Kiingereza kwenye simu, maneno kumi kwa siku, na hukisema vizuri kuliko mimi. Nafurahi, ingawa hakuna anayewauliza wameyaona wapi. Subira yavuta heri, nami nilishindwa kusubiri. Daftari ningali nalo. Chini ya “gust” kuna mistari mitupu. Mama aliniambia kwamba baba alikuwa amekwisha kunichagulia neno linalofuata, lakini hakumwambia ni lipi.